Mikoba ya Ngozi ya Wablackfeet: Kazi Bora za Wanawake Wasioandikwa Majina

Ngozi ikishawambwa ardhini na kukwanguliwa, kazi haikungoja kesho. Mwanamke wa taifa la Blackfeet, katika tambarare za kaskazini mwa Amerika, alipaswa kuichora ngozi ya baisani ikiwa bado na unyevu, kabla jua na upepo havijaikausha. Rangi ilizama ndani mara tu ilipogusa ngozi, na haikufutika. Mstari uliokwenda kombo ulibaki kombo maisha yote ya mkoba, na mkoba wenyewe uliweza kudumu miaka mingi ukibebwa juu ya farasi, ukisuguliwa, ukifungwa na kufunguliwa kila siku.

Leo mikoba hiyo imetawanyika duniani. Mingine imo katika makumbusho ya New York, Washington na Calgary, mingine iko Ulaya. Mingine huuzwa minadani kwa maelfu ya dola, kisha ikatundikwa ukutani kama picha. Watazamaji husifu rangi zake na mpangilio wa maumbo yake, nao hawakosei. Lakini ukisoma kibao cha maelezo, mara nyingi utakuta jina la kabila, mwaka wa kukadiria na jina la mtu aliyeununua au kuutoa zawadi. Jina la mama aliyeuchora halimo.

Hoja ya makala haya ni kwamba mikoba hii ilitengenezwa na wataalamu, wanawake waliojua ngozi, kemia ya rangi na hesabu ya maumbo. Yeyote anayeitunza, anayeiuza au anayeitazama ana deni kwao na kwa wajukuu wao, ambao wangali hai na wako palepale.

Taifa lililo hai

Wablackfeet ni sehemu ya muungano wa mataifa ya Blackfoot, ambayo kwa lugha yao, Kiblackfoot, hujiita Niitsitapi. Ndani yake wamo Siksika, Kainai na Piikani. Mpaka wa Marekani na Kanada ulipita katikati ya nchi yao na kuwagawa. Siksika, Kainai na Piikani wa kaskazini wako katika jimbo la Alberta, Kanada. Piikani wa kusini ndio wanaojulikana rasmi kama Blackfeet, nao wako Montana, Marekani. Mji wao mkuu ni Browning, mji mdogo wenye upepo mkali, mashariki ya milima ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier. Wanachama walioandikishwa wa taifa hilo ni takriban 17,000.

Wapenzi wa filamu wanamfahamu binti mmoja aliyelelewa huko. Lily Gladstone, nyota wa filamu ya Killers of the Flower Moon, alipopokea tuzo ya Golden Globe Januari 2024, alianza kuzungumza kwa Kiblackfoot mbele ya ukumbi uliojaa watu maarufu wa Hollywood. Tukizungumzia mikoba ya kale ya Wablackfeet, basi, tunazungumzia mali ya bibi za watu tunaowaona kwenye televisheni.

Nyumba inayohama

Ili kuuelewa mkoba ule, ni lazima kwanza kuielewa nyumba ulimokaa. Wablackfeet wa zamani waliishi kwa kumfuata baisani, yule nyati wa Amerika mwenye nundu na manyoya mazito. Nyama yake ilikuwa chakula, ngozi yake nguo na hema, mifupa yake zana, kano zake uzi. Hema moja la kawaida lilihitaji ngozi 12 hadi 14 za baisani jike zilizoshonwa pamoja. Hema lilikuwa mali ya mwanamke. Yeye ndiye aliyelishona, aliyelisimamisha na kulivunja siku ya kuhama.

Kabla ya farasi, mizigo ilivutwa na mbwa. Miti miwili ilifungwa mabegani mwa mbwa, ncha zake zikaburuzwa ardhini, na mzigo ukawekwa katikati. Farasi waliwafikia Wablackfeet katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, na maisha yakabadilika. Familia iliweza kumiliki hema kubwa zaidi, kubeba akiba kubwa zaidi na kusafiri mbali zaidi. Hapo ndipo vyombo vya ngozi vilipopata nafasi ya kupanuka na kupambwa kwa fahari.

Watu wanaohama hivyo hawawezi kutegemea vyungu vya udongo, kwa kuwa huvunjika njiani. Masanduku ya mbao ni mazito, na miti ni haba katika tambarare zile. Ngozi mbichi iliyokaushwa ilitatua matatizo yote mawili. Ni nyepesi, haivunjiki ikianguka, na ikishakauka huwa ngumu karibu kama ubao. Kutoka kwenye ngozi hiyo wanawake walitengeneza vyombo vya aina nyingi, na maarufu kuliko vyote ulikuwa mkoba uliokunjwa kama bahasha. Pande mbili ndefu zilikunjwa kuelekea ndani, kisha ncha mbili zikakunjwa hadi zikakutana katikati, na kamba za ngozi zikapitishwa kwenye matundu na kufungwa.

Ndani yake kulikuwa na uhai wa familia. Nyama iliyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa ilipangwa humo. Humo pia iliwekwa pemikani, yaani nyama kavu iliyotwangwa na kuchanganywa na mafuta yaliyoyeyushwa pamoja na matunda ya porini yaliyokaushwa. Chakula hicho kilikaa miezi mingi bila kuharibika. Katika nchi ambayo majira ya baridi huleta theluji ya kufukia mapito, wingi wa mikoba iliyojaa ndani ya hema ndio uliokuwa kipimo cha usalama wa watoto. Mikoba mingine ilihifadhi nguo, zana na vitu vidogo vya nyumbani.

Safari ilipofika, mikoba ilitundikwa miwili miwili, mmoja kila ubavu wa farasi, upande wenye michoro ukitazama nje. Kwa hiyo ilitengenezwa pia kwa jozi. Kwa kawaida ngozi moja ilitoa mikoba miwili, na mchoraji alichora yote miwili kwa pamoja, mapambo yakifanana, kabla ya kuitenganisha kwa kisu. Msomaji anayejua kanga ataelewa mara moja: ilikuwa doti, vipande viwili vya sura moja vinavyozaliwa katika kitambaa kimoja na kukatwa baadaye.

Kutoka ngozi hadi mkoba

Kazi ilianza na uchaguzi. Ngozi ya baisani dume ilikuwa nene mno, na sehemu ya shingo yake ilifaa zaidi kwa ngao. Kwa mikoba ilipendelewa ngozi ya jike, iliyo nyembamba kidogo na rahisi kukunjwa. Ngozi ilitandazwa ardhini, manyoya chini na upande wa nyama juu, kisha ikavutwa na kuwambwa kwa vigingi pande zote. Mwanamke alipiga magoti juu yake na kuondoa mabaki ya nyama na shahamu kwa kikwangulio cha mfupa chenye meno makali. Baada ya biashara na Wazungu kushamiri, baadhi ya vikwangulio vilitengenezwa kwa chuma cha mitutu ya bunduki kuukuu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kusawazisha unene. Chombo chake kilikuwa tezo ndogo yenye mpini wa pembe ya paa mkubwa aitwaye elki, iliyofungwa ubapa mkali wa jiwe na baadaye wa chuma. Mwenye mkono mzoefu aliparua ngozi kidogo kidogo hadi ikawa na unene mmoja kila mahali. Akizidisha nguvu, ngozi inatoboka. Akilegeza, mkoba utakunjika vibaya.

Ngozi hii haikulainishwa. Kwa nguo na viatu, wanawake hao walikuwa na utaratibu mwingine mrefu, wa kupaka ngozi mchanganyiko wa ubongo, ini na mafuta ya mnyama, kisha kuisugua hadi iwe laini kama kitambaa. Kwa mikoba walitaka kinyume chake. Ugumu wa ngozi mbichi ndio uliolinda chakula, na uso wake mweupe wa maziwa ndio uliopokea rangi vizuri kuliko ngozi iliyolainishwa.

Baada ya kuchorwa na kukauka, ngozi iling'olewa kwenye vigingi na kugeuzwa, na manyoya ya upande wa pili yakakwanguliwa. Ndipo ilipokatwa, ikakunjwa na kutobolewa matundu ya kamba. Katika mikoba mingi ya kale ungali unaweza kuona nywele chache zilizobaki upande wa ndani. Nywele hizo ni ushahidi wa mkono uliofanya kazi haraka kabla ya kuanza ngozi nyingine.

Udongo, nyongo na mkaa

Mtaalamu wa elimu ya jamii za watu Clark Wissler, wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani huko New York, alichapisha mwaka 1910 kitabu kikubwa kuhusu vifaa na kazi za mikono za Wablackfeet. Orodha yake ya rangi inatosha kumwonyesha msomaji kwamba hapa palikuwa na ujuzi uliopangwa vizuri. Kulikuwa na udongo wa njano, udongo mwekundu uliochimbwa ukiwa hivyo, na wekundu uliopatikana kwa kuuchoma udongo wa njano. Kulikuwa na bluu iliyotokana na tope la rangi ya giza, udongo mweupe, na weusi wa mkaa. Njano moja ilitolewa kwenye vijiwe vya nyongo ya baisani.

Kuchoma udongo wa njano ili upate mwekundu ni kemia halisi. Moto huondoa maji yaliyofungamana na madini ya chuma ndani ya udongo, na rangi hugeuka. Wanawake wale hawakuhitaji maabara ili kulijua hilo. Walijua ni udongo upi, kutoka bonde lipi, na uchomwe kiasi gani. Wafanyabiashara wa manyoya walipokuja, waliongeza rangi nyekundu inayong'aa iliyotoka mbali sana, hadi China, na baadaye rangi za unga za viwandani. Wachoraji walichagua walichokipenda na kukiingiza katika mtindo wao.

Unga wa rangi peke yake haushiki. Ulichanganywa na maji na gundi iliyopatikana kwa kuchemsha makwangulio ya ngozi. Baada ya uchoraji, uso mzima ulipakwa gundi hiyo nyepesi au utomvu wa mpungate, ambao ulizilinda rangi na kuzipa mng'ao. Kalamu ya kuchorea ilikuwa kipande cha mfupa wa baisani, sehemu ile yenye vitundu kama sifongo. Vitundu vilinyonya rangi na kuiachia polepole, mstari ukatoka sawia. Kila rangi ilikuwa na mfupa wake. Kwa mistari iliyonyooka, mchoraji alitumia vijiti vilivyomenywa magome, vya urefu mbalimbali, kama rula.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa katika akili ya mchoraji, kwa sababu aliichora ngozi ikiwa imetandazwa wakati mkoba utaonekana ukiwa umekunjwa. Nusu ya pambo ilichorwa mwisho mmoja wa ngozi na nusu nyingine mwisho wa pili, mbali na mwenzake, na baadaye zilipaswa kukutana katikati na kuwa umbo moja. Tena alifanya hivyo kwa mikoba miwili kwa wakati mmoja. Ilimpasa auone mkoba uliokamilika kichwani mwake kabla hajagusa mfupa wa kwanza wenye rangi. Mchoraji wa majengo wa leo hufanya kazi ya namna hiyo akiwa na meza, karatasi na kifutio. Mwanamke yule alikuwa amepiga magoti juu ya ngozi inayokauka.

Mkono wa Kiblackfeet

Mataifa mengi ya tambarare hizo yalichora mikoba ya ngozi: Wacrow, Wacheyenne, Waarapaho, Walakota na wengineo. Mtu aliyeizoea hutofautisha mkoba wa taifa moja na wa jingine kama tunavyotofautisha lafudhi. Leslie Spier alichapisha mwaka 1925 uchambuzi wa michoro hiyo kabila kwa kabila. Mable Morrow alitoa kitabu chake kuhusu sanaa ya ngozi mbichi mwaka 1975. Mwaka 1994 Gaylord Torrence aliandika kitabu kilichoipa mikoba hii heshima ya uchoraji kamili, sambamba na maonyesho yaliyoanzia Des Moines, Iowa.

Alama ya mkono wa Kiblackfeet ni mistari iliyopinda. Wakati majirani wengi walijenga mapambo yao kwa pembetatu, almasi na mistatili pekee, wachoraji wa Kiblackfeet walichanganya mistari iliyonyooka na mipindo mipana, nusu duara na maumbo kama ndimi. Walipenda maumbo makubwa yenye nafasi, rangi chache zenye nguvu, na mistari ya giza iliyotenga rangi moja na nyingine. Sehemu kubwa ya ngozi iliachwa tupu, na weupe huo ukawa rangi nyingine.

Je, michoro hiyo ina maana gani? Swali hili limewasumbua wengi. Wapo wanaopenda kusema kila pembetatu ni mlima na kila duara ni jua. Mtaalamu Franz Boas, katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu sanaa, alionyesha kwamba umbo lilelile kwenye mikoba na mapambo ya tambarare lilipewa maana tofauti na mataifa tofauti: hapa hema, pale mlima. Umbo lilisafiri kutoka watu hadi watu na maana ilibaki nyuma. Kwa hiyo tusimsikilize muuzaji anayetoa tafsiri tamu ya kila mstari ili kupandisha bei. Uzuri wa mpangilio ulikuwa sababu ya kutosha ya kuchora. Mwanamke aliyetengeneza mikoba mizuri alisifiwa kwa hilo kambini, na sifa hiyo ilikuwa kubwa.

Tofauti moja ni muhimu. Mikoba ya chakula ilikuwa vyombo vya nyumbani. Lakini kulikuwa na vyombo vingine vya ngozi mbichi, mirija mirefu na mifuko bapa yenye vishada virefu, ambavyo vilihifadhi vitu vya ibada. Vyombo hivyo vina miiko yake. Makumbusho au mnunuzi anayeviweka vyote kapu moja amekosa kuelewa anachokishika.

Baisani walipokwisha

Katika karne ya 19 dunia hii ilibomolewa. Ndui iliyofika mwaka 1837 pamoja na meli ya biashara ya manyoya iliua maelfu ya watu wa muungano wa Blackfoot. Alfajiri ya Januari 23, 1870, jeshi la Marekani lilishambulia kambi ya chifu Heavy Runner kwenye Mto Marias, kambi iliyokuwa na amani na serikali. Waliouawa walikaribia 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Hema zao na akiba ya chakula vilichomwa moto, katikati ya baridi kali.

Kisha wakaisha baisani wenyewe. Wanyama waliohesabiwa kwa makumi ya mamilioni walipigwa risasi na wawindaji wa biashara waliotaka ngozi kwa viwanda, na walio madarakani walijua vyema kwamba bila baisani mataifa ya tambarare yasingeweza kupigana tena. Kufikia 1883 makundi makubwa ya Montana yalikuwa yametoweka. Majira ya baridi ya 1883 na 1884 Wablackfeet wanayakumbuka kama majira ya njaa. Posho ya serikali haikutosha, na mamia walikufa. Idadi inayotajwa mara nyingi hufikia 600. Waliokufa walizikwa kwenye kilima karibu na ofisi ya serikali waliyokuwa wakisubiri chakula.

Mwaka 1895 taifa hilo, likiwa katika umaskini huo, lilikubali kuiachia serikali milima yake ya magharibi kwa dola milioni 1.5. Mwaka 1910 sehemu ya milima hiyo ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, inayotembelewa leo na mamilioni ya watalii.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ufundi wa mikoba haukufa siku baisani walipokufa. Wanawake walihamia kwenye ngozi ya ng'ombe. Waliweka michoro ileile, rangi zikiwa za dukani, na wakaendelea kuhifadhi walichokipata. Mikoba mingi ya kale tunayoiona leo ilitengenezwa katika kipindi hicho cha mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, katika eneo la makazi walilotengewa na serikali, na watu waliokuwa wamepoteza karibu kila kitu. Aliyechora mkoba miaka michache baada ya njaa ile alikuwa anaendesha nyumba, na anakataa kuacha kuwa alivyokuwa.

Walionunua, na wasichouliza

Wakusanyaji walifika wakati huohuo. Makumbusho makubwa yaliamini kwamba mataifa ya asili yalikuwa yanakaribia kutoweka, na yakaharakisha kununua. Njaa na umaskini viliwafanya wengi wauze kwa bei ndogo. Wissler alisaidiwa na David Duvall, mtoto wa mama wa Kiblackfeet, aliyefanya kazi ya ukalimani, akahoji wazee na kuandika maelezo yao. Bila Duvall na wale waliozungumza naye, kitabu cha 1910 kisingekuwapo.

Kumbukumbu za makumbusho za enzi hizo huandika kwa uangalifu nambari ya kifaa, vipimo na jina la mkusanyaji. Majina ya wachoraji mara nyingi hayakuulizwa. Maneno "msanii hajulikani" yanasomeka leo kana kwamba majina yalipotea yenyewe. Mara nyingi mchoraji alikuwa hai, kambini, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwa mtu aliyekuwa ameshika kalamu.

Soko la leo limeongeza tatizo jingine. Bei ikipanda, waghushi huja. Ngozi mpya huchorwa, ikafukizwa moshi na kupakwa uchafu ili ionekane ya kale. Mtaalamu hutazama mikunjo kwanza: mkoba uliotumika kweli una nyufa za rangi mahali ulipokunjwa mara elfu, na matundu ya kamba yamepanuka kwa kuvutwa. Rangi imezama ndani ya ngozi, haikukaa juu kama utando. Uchakavu uko upande uliosuguliwa na farasi na mizigo, haukutapakaa sawasawa kila mahali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu sanaa na kazi za mikono za Waindiani inakataza kuuza kazi kwa kudanganya kwamba imetengenezwa na mtu wa taifa la asili, na adhabu yake inaweza kufika dola 250,000 na kifungo cha miaka 5 kwa mtu mmoja.

Kuna hatari nyingine iliyojificha. Makumbusho ya zamani yalipulizia vifaa vya ngozi sumu kama aseniki ili kuua wadudu. Hivyo kifaa kinaporudi kwa wenyewe na kutumiwa tena, ni lazima kipimwe kwanza. Wajukuu wanarudishiwa mali ya bibi zao ikiwa na sumu ambayo si wao walioiweka.

Milango inayofunguka

Mambo yameanza kubadilika. Mwaka huohuo wa 1990 Marekani ilipitisha sheria inayoyataka makumbusho yanayopokea fedha za serikali kuu yarudishe mabaki ya miili na vitu vitakatifu kwa mataifa ya asili. Alberta ilipitisha sheria yake ya kurudisha vitu vya ibada mwaka 2000. Mwaka 2010 Makumbusho ya Pitt Rivers ya Oxford yalipeleka Alberta, kwa mkopo, mashati matano ya Kiblackfoot yaliyochukuliwa mwaka 1841, na watu wa Blackfoot wakaruhusiwa kuyashika kwa mikono yao na kuchunguza yalivyoshonwa. Mwaka 2022 makumbusho ya Exeter, Uingereza, yalirudisha kwa Siksika mavazi ya chifu wao Crowfoot baada ya kukaa huko zaidi ya karne moja.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua vizuri jambo hili. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wazee waliofariki, viliibwa vijijini pwani ya Kenya na kuuzwa kwa wakusanyaji wa Marekani kama sanaa ya kupamba nyumba. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalitangaza kuviachia vigango 30 virudi Kenya. Sheria ya 1990 ya kurudisha vitu vitakatifu haikuyalazimisha, kwa kuwa inahusu mataifa ya asili ya Marekani tu. Yalifanya hivyo kwa kutambua kwamba haki ya Mjikenda na haki ya Mblackfeet mbele ya kabati la makumbusho ni moja.

Mkoba wa nyama kavu si kigango, na si kila mkoba ulioko New York uliibwa. Mingi iliuzwa, na mingine ilitolewa zawadi. Lakini swali la nani aushike kwanza lipo palepale. Mchoraji kijana wa Browning anayetaka kujifunza jinsi mipindo ile inavyokutana kwenye mkunjo hawezi kujifunza vya kutosha kwa picha. Anahitaji kuugeuza mkoba, kuona upande wa ndani, kupima unene wa ngozi kwa vidole.

Kwa bahati njema Browning yenyewe ina Makumbusho ya Waindiani wa Tambarare, yaliyofunguliwa mwaka 1941. Msimamizi wake wa kwanza, John Ewers, aliketi na wazee wa Kiblackfeet na mwaka 1945 akachapisha kitabu cha kazi zao za mikono, kilichokusudiwa kusaidia shule na vijana waendeleze ufundi. Hadi leo wapo wasanii wa Kiblackfeet wanaowamba ngozi na kuichora kwa utaratibu wa zamani.

Na baisani wamerudi. Mwaka 2014 mataifa ya asili ya pande zote mbili za mpaka yalitia saini mkataba wa kumrudisha baisani, katika ardhi ya Blackfeet. Mwaka 2016 Wablackfeet walipokea ndama zaidi ya 80 kutoka Hifadhi ya Elk Island, Kanada, wazao wa baisani waliotoka katika nchi yao hiyohiyo karne moja na zaidi iliyopita. Mwaka 2023 waliachia kundi la baisani wakimbie huru karibu na Mlima Chief, mlima wanaouheshimu kama mtakatifu.

Makumbusho yenye mikoba hii, yawe makubwa au madogo, yana kazi tatu ambazo hazihitaji sheria mpya. Yaandike kwenye vibao vyake kwamba hizi ni kazi za wanawake wa taifa la Blackfeet, na majina yao yatafutwe kwa wazee na katika kumbukumbu za familia pale yanapoweza kupatikana. Yafungue ghala zake kwa wasanii wa Kiblackfeet kabla ya mtu mwingine yeyote. Yatenge vyombo vya ibada na kuvirudisha kwa wenyewe, vikiwa vimepimwa sumu. Mnunuzi binafsi naye aanze kwa kununua kazi mpya, kutoka kwa msanii aliye hai, mwenye jina, anayelipwa. Nawe msomaji, siku utakaposimama mbele ya mkoba kama huu nyuma ya kioo, usiondoke kabla hujamuuliza msimamizi ni mwanamke gani aliyeuchora. Wakiulizwa mara nyingi vya kutosha, watatafuta jibu.